Harusi ya saa tisa Mbeya: wapishi wa kichwa, mama wa sambusa au jiko la nyumbani?

Sherehe ya harusi inayoanza saa tisa alasiri na kwisha saa kumi na moja haihitaji pilau. Inahitaji chai ya moto kwelikweli, vitu vinne vya kutafuna kwa kila mgeni, kipande cha keki na watu wanaojua kuhudumia. Kwa Mbeya, hasa kati ya Mei na Agosti, chai ndiyo inayobeba shughuli. Upepo wa kutoka mlima Loleza ukianza, hakuna anayeulizia soda baridi.

Swali ni nani aandae. Njia zilizopo ni tatu: kampuni za wapishi wanaotoza kwa kichwa, akina mama wanaokaanga na kuoka kwa oda na kuhesabu kwa kipande, na jiko la nyumbani chini ya mama wadogo na mashangazi. Tumezipima zote kwa kipimo kimoja: wageni 120, ukumbi wa kanisa au uwanja wenye turubai, hakuna pombe. Bei hatuziandiki, maana mafuta ya kula na sukari havikai bei moja miezi miwili. Kiasi hakibadiliki. Kichukue, kizidishe kwa bei ya Mwanjelwa au Soko Matola ya wiki hiyo, utapata bajeti isiyokudanganya.

Kabla ya kumtafuta mpishi, tazama kadi. Mtu aliyetoa mchango anatarajia sahani, na kadi iliyoandikwa "tafrija" peke yake kwake ina maana ya wali. Andika wazi: "Chai na vitafunwa, saa 9:00 hadi 11:00 alasiri." Kisha angalia saa ya ndoa yenyewe. Ibada ikianza saa saba na nusu, wageni wamekula makwao na vipande vinne vinawatosha. Ikianza saa tano na kwisha saa saba, hao ni watu wenye njaa, na vitafunwa vitakwisha kabla maharusi hawajamaliza kupiga picha. Hapo ama mwombe mchungaji au padri saa nyingine, ama kubali kupika chakula. Kuziba njaa ya mchana kwa sambusa ni hasara: mwenye njaa hula nane, na sambusa nane za nyama zina gharama kuliko sahani ya wali maharage.

Wapishi wa kichwa

Uzuri wao unauona mara moja. Wanakuja na meza, vitambaa, hotipoti, vikombe, wahudumu wenye sare, na jioni wanaondoka na vyombo vichafu. Kwa familia isiyo na mikono mjini, au kwa wageni wanaozidi 200, hao ndio wa kuchukua bila kufikiri mara mbili.

Kwa wageni 120 wa alasiri, hesabu inageuka. Bei ya kichwa imebeba gari, sare, kuosha na faida, na vitu hivyo havipungui sana hata ukiondoa pilau na kuku. Tena vitafunwa vya kampuni mara nyingi vimepangwa kama kitangulizi cha chakula cha usiku: vipande vitatu vidogo, vya mdomo mmoja. Ukivileta peke yake saa tisa vinaonekana kama kitu kilichokatishwa. Kwa hiyo usikubali neno "vitafunwa mchanganyiko" kwenye mkataba. Iandikwe ni vipande vingapi kwa kila mgeni, vya uzito gani, vitakaangwa saa ngapi na wapi, chai inapikwa ukumbini au inatoka mjini kwenye chupa, soda ni za nani, na vinavyobaki ni vya nani. Hilo la mwisho huzua maneno kuliko yote.

Jambo jingine ni umbali. Kampuni ya mjini ikipewa kazi ya Tukuyu au Mbalizi, chakula kinakaangwa asubuhi mjini kisha kinafungiwa. Sambusa iliyokaa saa nne ndani ya hotipoti iliyofunikwa inajipika kwa mvuke wake. Gamba linalegea, na hakuna cha kulirudisha ila mafuta ya moto. Kama hawana jiko la kukaangia palepale, watoe sambusa kwenye orodha na walete vitu visivyojali kupoa.

Mama wa sambusa na waoka keki wa mtaani

Hapa ndipo pesa inapofanya kazi yake. Unalipia kipande, unaona kipande, na huyu anayekaanga kila siku kwa ajili ya ofisi na shule ana mkono mwepesi kuliko mpishi wa sherehe za Jumamosi tu. Mkono uliozoea hufunga sambusa moja kwa dakika moja hivi, yaani sambusa 200 ni zaidi ya saa tatu za mtu mmoja. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini oda ya Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumamosi mchana huharibika: hana saa hizo. Mpe oda wiki moja kabla na malipo ya awali nusu.

Mjaribu kabla ya kumlipa. Nunua sambusa tatu, zikae hadi zipoe kabisa, kisha zipasue. Sambusa ya moto inaficha mengi. Ikipoa utaona kama ndani kuna nyama au ni vitunguu vilivyopakwa rangi, kama pembe zimefungwa vizuri au zimenyonya mafuta, na mdomoni utasikia kama mafuta yameganda. Hili la kuganda ni la kwetu wa nyanda za juu. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa, ambayo Dar es Salaam hukaa maji mwaka mzima, hapa Juni huwa meupe na mazito ndani ya dumu, na yakiganda juu ya sambusa hubaki ulimi mzima kama nta. Alizeti haifanyi hivyo, na mikoa yetu inaikamua kwa wingi. Mpelekee dumu la alizeti wewe mwenyewe kama yeye anatumia mawese. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko tofauti ya sambusa.

Oda yenye akili zaidi ni ya sambusa mbichi: zimefungwa, zimegandishwa kwenye friza, hazijakaangwa. Zipangwe bila kugusana hadi zigande, ndipo zimwagwe kwenye chombo kimoja. Zikigandishwa zikiwa zimebanana, siku ya siku utazitenganisha kwa kisu na kila ya tatu itachanika. Usiziyeyushe. Zikiyeyuka manda, yaani gamba la unga, hulowa na kufumuka ndani ya karai. Zitoe kwenye friza ziingie kwenye mafuta, moto wa wastani, kumi au kumi na mbili kwa mkupuo hata kama karai linaonekana kubwa, kwa sababu zikiwa nyingi mafuta hupoa ghafla na sambusa inayanywa badala ya kukaangika.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja na si mdogo: hakuna mhudumu, hakuna chombo, hakuna anayewajibika meza ikikaa tupu. Mama wa sambusa amemaliza kazi yake akikukabidhi ndoo.

Jiko la nyumbani

Kwenye daftari la kamati ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa sababu daftari halina mstari wa jasho. Mama mdogo anayegeuza maandazi wakati mtoto wa dada yake anavishwa pete ni gharama, hata kama hakuna risiti yake. Jiko la nyumbani liachiwe chai, kachori na kuchemsha. Visivyohitaji ufundi wa mkono na vinavyoweza kukabidhiwa vijana wawili na msimamizi mmoja.

Mseto tunaoupendekeza ni huu: sambusa mbichi na maandazi kutoka kwa mama wa oda, kachori na chai vya kwenu, keki kwa mwoka keki, vyombo vya kukodi, na soda kwa wakala anayekubali kurudishiwa zisizofunguliwa. Wahudumu ni vijana wa kwaya au wa ukoo, sita, kila mmoja na wageni ishirini wake.

Kiasi cha wageni 120

Ongeza sehemu moja ya kumi juu ya idadi ya kadi, maana dereva, MC, mpiga picha, kwaya na watoto wa jirani hawana kadi ila wana midomo. Hiyo inatupa sambusa 200, kachori 130, maandazi 130 na ndizi mbivu 130.

Sambusa 200 zinakula nyama ya kusaga kilo 4, vitunguu kilo 2 na unga wa ngano kilo tatu na nusu kwa manda. Nyama ikikaangwa hupoteza zaidi ya robo ya uzito wake, kwa hiyo anayekuambia kilo moja ya nyama inatoa sambusa mia ana mpango wa kukuuzia vitunguu. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ni vizuri kwa kazi hii, lakini vikatwe na kuingizwa mwishoni, nyama ikishakauka na jiko limezimwa. Vikipikwa pamoja na nyama hutoa maji, maji hayo hulowesha manda kwa ndani, na sambusa hupasuka. Kujaza nyama ikiwa bado ya moto kuna madhara yaleyale.

Kachori ndiyo kitafunwa tunachokipa alama za juu kwa eneo hili, na kinadharauliwa bila sababu. Viazi vya Umalila, Uporoto na Njombe viko mlangoni petu. Kilo sita na nusu kabla ya kumenya zinatosha kachori 130 za gramu 40. Vichemshe na maganda, umenye vikiwa bado na joto, uponde na chumvi, ndimu, pilipili na kotimiri. Vilivyomenywa kabla ya kuchemshwa hunywa maji, na donge haliwezi kushikana. Rojo la nje ni unga wa ngano au dengu kilo moja, zito kiasi cha kufunika mgongo wa kijiko. Likiwa jepesi linachuruzika na kiazi kinamwagika kwenye mafuta. Kachori ina faida nyingine: ikipoa bado inalika, na wasiokula nyama wanapata chao bila kuuliza maswali.

Maandazi 130 ya gramu 40 yanataka unga kilo 3, sukari gramu 450, hamira gramu 30, mafuta gramu 150, hiliki, na maji au maziwa ya vuguvugu lita moja na nusu hadi moja na robo tatu. Shida ya maandazi huku ni baridi. Donge linaloumuka kwa saa moja pwani, Julai ya Mbeya litakaa saa mbili au zaidi, na anayeharakisha kwa kuongeza hamira anapata andazi lenye harufu ya pombe. Weka sufuria ya donge ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa kizito, karibu na jiko lakini si juu yake. Maji yanayounguza kidole yanaua hamira. Yakaangwe siku hiyohiyo. Andazi la jana hukakamaa, na la kwenye friji hukakamaa zaidi.

Ndizi mbivu chukua kutoka Tukuyu, kwa mkungu. Wauzaji wa Uyole na Kiwira wanazo, na mkungu ununuliwe siku tatu nne kabla, maana baridi inachelewesha kuiva. Karanga za kukaanga kilo 4 zitaliwa na wanaume wanaosimama nje. Kashata inafaa kwa kuwa inatengenezwa wiki moja kabla, ila kipindi cha mvua hunata. Ifungwe kwenye kopo lenye mfuniko. Parachichi tunalo, na zuri, lakini kulipaka kwenye mkate kwa sherehe usijaribu: linageuka rangi kabla MC hajatambulisha wazazi.

Mafuta ya kukaangia vyote hivi kwa karai moja ni dumu la lita 5: tatu za kujaza karai na mbili za kuongezea, na tatu nyingine ukiweka karai la pili. Gesi usitegemee mtungi wa kilo 6. Kwa majiko mawili yanayowaka tangu saa nne utaishiwa katikati, na asubuhi ya baridi mtungi mdogo unaovutwa kwa nguvu hupoa, hufanya umande kwa nje, na moto unanyong'onyea hata kama gesi bado ipo. Chukua wa kilo 15, au tumia mkaa kwa chai na gesi kwa karai.

Chai

Hapa ndipo sherehe nyingi huanguka, na ndipo pa bei nafuu kuliko pote kufanya vizuri. Wageni 120, kikombe kimoja na nusu, mililita 200 kwa kikombe: lita 36. Gawa lita 26 za maziwa na lita 10 za rangi. Majani gramu 300 kwa jumla, ya Rungwe au Mufindi, huna haja ya kwenda mbali. Maziwa lita 10, tangawizi gramu 400, sukari kilo 2 pembeni. Sukari isitiwe sufuriani. Wazee wengi wana kisukari, na chai iliyotiwa sukari haitoki sukari.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ndiyo maana chai ya sherehe inakatika, watu wanalaumu maziwa, wanalaumu sufuria, wanalaumu jicho la mtu. Dawa ni mpangilio. Maji lita 17 yachemke na tangawizi iliyotwangwa dakika 15, joto linakiua kimeng'enya. Majani yafuate, dakika tano. Maziwa yachemshwe kwenye sufuria yake, ndipo yamiminwe kwenye chai, yachemke pamoja mara moja, na chai ichujwe hapohapo. Majani yakibaki humo kwa saa mbili, chai inakuwa chungu na rangi yake inakuwa ya matope.

Maziwa mabichi ya kwenye dumu la bodaboda yajaribiwe kwanza: chemsha vijiko vichache kwenye kikombe cha bati. Yakikatika, usiyachanganye na mazima kwa matumaini. Ya kiwandani, kama ya ASAS ya Iringa, yanagharimu zaidi ila yanakuondolea wasiwasi huo.

Kisha kuna suala la mwinuko. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka karibu nyuzi 94, hayafiki 100. Majani ya kuchovya kwenye kikombe hayatoi rangi vizuri, viazi na mayai vinahitaji dakika kadhaa zaidi, na chai inaingia kwenye chupa ikiwa na joto pungufu tangu mwanzo. Kwa hiyo kila chupa ijazwe maji yanayochemka kwa dakika kumi kabla, yamwagwe, ndipo chai iingie, na ijazwe hadi shingoni. Chupa iliyojaa nusu inapoa haraka. Chupa za lita tatu zinahitajika kumi na mbili. Kukodi ni rahisi, lakini kagua vifuniko na kuzinusa: chupa iliyowahi kubeba supu haisahau.

Vikombe vya plastiki laini vya kutupa vinanywea vikipokea chai ya moto na kumwunguza mtu mkononi. Kodi vya udongo au melamini, au nunua vya karatasi nene. Vikombe 150, si 120, kwa sababu mgeni akikiacha kikombe mezani hakirudii.

Vinywaji baridi

Soda ndiyo mstari unaovimba bila kuonekana. Kreti moja ni chupa 24, kwa hiyo wageni 120 ni kreti tano, na ya sita ya akiba. Ukipika chai vizuri katika miezi ya baridi, kreti tatu zinatosha; Oktoba na Novemba, jua likiwa kali kabla ya mvua, geuza hesabu na upunguze chai kwa theluthi. Maji ya kunywa usiyapunguze wakati wowote.

Juisi ya pasheni lita 20 inahitaji matunda kilo 11 au 12 na sukari kilo 2, na maji yaliyochemshwa tangu jana yake. Kazi ni nyingi na ikikosewa inaleta kuhara kwa ukoo mzima. Tungeiacha.

Togwa tusingeiacha. Kwa wenyeji wa Njombe, Iringa na Songea hakuna kinywaji cha harusi kinachoeleweka zaidi, na lita 20 zinatokana na kilo mbili na nusu tu za unga wa mahindi na nusu kilo ya kimea cha ulezi. Pika uji mwepesi, uache upoe hadi kidole kivumilie kwa sekunde chache, ndipo utie kimea na kukoroga. Kimea kikiingia kwenye uji unaochemka kinakufa, uji unabaki mzito na togwa haiji. Kikiingia vizuri, uji unalegea ndani ya saa moja na kuanza kuwa mtamu. Halafu iache ichachuke kidogo, usiku mmoja Novemba, siku nzima na usiku Julai. Kwa sherehe ya Jumamosi pika Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi kulingana na baridi. Ikizidi siku hiyo inaanza kulevya, na kwenye ukumbi wa kanisa hiyo ni kesi. Ulanzi, yaani pombe ya mianzi, kwa sababu hiyohiyo ubaki Iringa vijijini.

Keki

Keki huuzwa kwa kilo, na kilo moja hukatwa vipande 20 hadi 25 vya heshima. Wageni 120 ni kilo tano au sita. Zote zikiwa za mapambo, keki itakuwa na gharama kuliko nyama yote. Agiza ya mapambo kilo mbili ya maharusi kukata, mbili ndogo za nusu kilo kwa wazazi wa pande mbili, na keki ya sinia isiyopambwa kilo tatu ikatwe jikoni. Mgeni anapokea kipande, haulizi kimetoka ghorofa ya ngapi.

Mwoka keki awe wa hapahapa. Vipimo vya Dar es Salaam vikitumika Mbeya bila kurekebishwa, keki huumuka haraka na kuzama katikati, kwa sababu hewa ni nyepesi na gesi ya baking pauda inatanuka zaidi kabla unga haujashikamana. Wanaojua hupunguza baking pauda kwa robo hivi na kuongeza joto la oveni kidogo. Keki inayopelekwa Tukuyu au Kyela isafirishwe ghorofa mojamoja, ipangwe ukumbini. Kona za barabara ile hazina huruma na krimu, na joto la Kyela linaimalizia.

Siku yenyewe

Kaanga kwa mpangilio wa uvumilivu: maandazi kwanza kama hukuyaagiza yakiwa tayari, kachori zifuate, sambusa mwisho. Karai moja litachukua saa mbili na nusu hadi tatu kwa vyote, kwa hiyo weka mawili na uanze saa sita mchana, sambusa za mwisho zitoke saa nane na nusu. Hotipoti zitandikwe karatasi na vifuniko viachwe wazi kidogo upande mmoja; bora sambusa ipoe kidogo kuliko ilowe. Familia ikiwa ya imani mbili, nyama yote iwe ya halali na karai liwe la halali. Kutenganisha masufuria mawili siku ya harusi hakujawahi kufanikiwa.

Wageni wasipange foleni kwenye chai. Mtu mmoja anatumia sekunde kumi na tano kujihudumia, na kwa watu 120 hiyo ni nusu saa mbele ya meza moja. Wahudumu wapite na chupa, wazee wakianza, na kabla yao wapite wa maji ya kunawa, ya vuguvugu. Serviet mbili kwa kila mtu. Makambako na Iringa, ambako upepo haupumziki, sahani za karatasi tupu zinaruka hadi kwa jirani. Tumia za kukodi au zitolewe zikiwa na kitu juu.

Theluthi ya vitafunwa ibaki jikoni hadi saa kumi, ndipo itoke mkupuo wa pili. Vikiwekwa vyote mezani kwa wakati mmoja, waliokaa mbele hubeba vya waliokaa nyuma, na kwa kawaida walio nyuma ni upande wa bibi harusi waliosafiri tangu alfajiri. Vya kubeba nyumbani vifungwe kwenye mifuko ya karatasi. Ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na vipande vya sambusa ndani ya mfuko usio na hewa havifiki Mbozi vikiwa sambusa.

Vikombe, chupa na kreti vihesabiwe mara mbili na mtu yuleyule: vinaposhushwa na kabla gari la kukodi halijaondoka, mbele ya mwenye navyo, akiwa na karatasi yenye sahihi ya asubuhi.